Maziwa ya Ndani ya Mlima

Treni ilipotoka kwenye handaki la kwanza, mtoto alikuwa na maziwa mdomoni, na mama yake alikuwa hajafungua hata kifungo kimoja.

Sindano aliyaona yakimchuruzika mwanawe kidevuni. Akayapangusa kwa kidole, akajiambia labda amecheua. Watoto hucheua, hilo si la kuuliza. Ila mtoto hacheui asichokula, na huyu tangu alfajiri alikuwa hajatia kitu mdomoni; titi alilikataa stesheni, akalikataa tena walipoketi, akageuza uso kama mkubwa wa ofisi aliyeletewa chai iliyopoa. Ndiyo maana wenyewe walimwita Bwana Mdogo. Sindano akakinusa kidole. Maziwa, kweli, lakini maziwa ya baridi, yenye harufu ya jiwe lililolowa na kutu kwa mbali.

"Fundi," alimwita mumewe, ambaye alikuwa fundi wa majokofu na tangu wachumbiane hakumwita vingine. "Mtoto umempa kitu?"

"Nimpe nini? Mikono yangu hii hapa." Hakugeuka. Alikuwa anatazama nje.

Behewa zima lilikuwa linatazama nje. Ile ilikuwa treni ya haraka ya kushuka milimani kurudi mjini, ile ambayo watu huipanda kwa ajili ya kuona tu, madirisha yake mapana kama ya duka la samani, na huko chini mabonde yalikuwa yamejaa ukungu na maporomoko yananing'inia kama uzi mweupe. Ng'ambo ya ujia, mzee mmoja wa kofia ya pama alikuwa anamhimiza mkewe mwenye simu, "Piga hiyo, piga hiyo kabla haijapita."

"Nimepiga. Umetokea wewe na kitambi chako, mlima uko nyuma umejificha."

Watu wakacheka. Sindano naye akacheka kidogo, maana alitaka sana siku ile iwe nzuri. Hakuwahi kuipanda treni hii. Fundi ndiye aliyeng'ang'ania. "Kwenye basi utaona nini? Visogo vya watu. Nataka ukauone mlima, mke wangu, umechoka." Sindano alimpigia dada yake kumsimulia, akarudia kumpigia, eti wanaume wengine waje wajifunze kwa huyu.

Na kuchoka alichoka kweli. Walikwenda kumwonyesha mama mkwe mjukuu, na kila jioni mama mkwe alimpokea mtoto mlangoni mwa chumba chao. "Nipe, mwanangu, ulale. Mzazi asipolala akili inamhama." Asubuhi mtoto alirudishwa ameshiba, tumbo ngoma, titi la mamaye hataki hata kulisikia. "Nimempa uji," mama mkwe alisema. "Maziwa yako mepesi, usione vibaya." Basi Sindano akawa anajifungia bafuni kujikamua, kifua kinamuuma kama kina majipu, maziwa anayamwaga kwenye sinki huku analia bila sauti, halafu ananawa uso, anatoka, na kumshukuru mama mkwe kwa kumsaidia. Alimshukuru kila asubuhi.

Honi ikalia mbele. Handaki la pili.

Safari hii alimkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili na kumbana kifuani. Giza liliingia kwa kishindo, magurudumu yakanguruma mpaka meno yakatetemeka, na vitaa vya manjano darini vikawaka kwa uvivu. Mchana kioo cha treni hukuonyesha mlima. Gizani hukuonyesha wewe mwenyewe. Sindano aliangalia kiooni kwa sababu hapakuwa na pengine pa kuangalia, akajiona yeye, akamwona Fundi ubavuni, na kwenye kile kiti cha mbele yao, ambacho tangu stesheni kilikuwa kitupu na Fundi alikuwa amekifuta kwa leso yake bila kusema anamfutia nani, akamwona mwanamke ameketi magoti yake yakigusana na yao, kichwa amekiinamisha, nywele zinadondosha maji kama za mtu aliyesimama chini ya mwamba unaovuja, na kifuani kwake yupo Bwana Mdogo ananyonya. Mikononi Sindano alihisi joto la mwanawe, alihisi uzito wake, nepi yake, kisigino chake kikimkanyaga tumbo, lakini mle kiooni mikono yake mwenyewe ilikuwa imekumbatia hewa. Akasikia. Katikati ya mngurumo wote ule akasikia mtoto anavyomeza, gu, gu, gu, kwa pupa ya mwenye kiu, na juu ya sauti hiyo akasikia mumewe akinong'ona, kwa unyenyekevu ambao hajawahi kumsikia nao, miguu ameikunja pembeni kama mtu anayempisha mkubwa wake:

"Shikamoo."

Mwanga ukarudi. Kiti kilikuwa kitupu. Mto wake ulikuwa unafutuka taratibu, kama mtu mzito ndiyo kwanza ananyanyuka. Mtoto alikuwa mapajani, macho mazito kwa shibe, na maziwa yamemjaa mdomoni.

Mhudumu wa behewa alifika akisukuma kitoroli chake. "Chai, kahawa, maji, biskuti. Jamani, hapa nani kamwaga maziwa?" Akachukua kitambaa, akaanza kukifuta kile kiti. "Wazazi wa siku hizi, chupa ya mtoto mnaiacha wazi. Haya, tutasimama kidogo kituo cha juu, wapiga picha wapige. Baada ya hapo ni handaki kubwa, refu kuliko yote, mkitoka huko mnauona mji."

Akaenda zake. Sindano alisubiri kitoroli kifike mbali.

"Ulikuwa unamsalimia nani?"

Fundi alishika magoti yake. "Sema polepole."

"Nasema polepole. Ulikuwa unamsalimia nani, Fundi?"

"Si mbaya. Ungemjua usingeogopa."

"Ni jini?"

"Usimwite hivyo, anasikia." Alilamba midomo. "Kabla yangu mama alizika watoto wake wote. Kila mmoja alianza na kikohozi, hakufika kuota jino. Mimi nilipoanza kukohoa alinibeba mpaka kwenye mdomo wa handaki, kwa sababu watu walikuwa wanasikia mtu analia mle ndani, akasema huyu naye anajua uchungu. Walipoupasua mlima huu kwa baruti wapitishe reli, wanawe walikuwa ndani, Sindano. Ana maziwa hayana wa kuyanywa. Alininyonyesha, na mimi huyu hapa."

"Na wiki nzima mama yako anaponipokonya mtoto, uji uko wapi?"

Fundi aligeuka kulitazama handaki walilotoka.

"Nakuuliza. Ule uji ulikuwa wapi? Mimi niko bafuni najikamua, nalia, wewe uko kitandani unanisikia, unanisikia kabisa, asubuhi unanitazama namwambia mama yako asante, na hukusema kitu?"

"Mtoto alikuwa anakohoa tangu azaliwe. Daktari wenu kasema tumpe muda. Muda gani? Tangu twende kwetu umemsikia akikohoa?"

Sindano alitega sikio kifuani mwa mtoto. Hakuwa amemsikia. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapanda na kushuka kimya, laini, kama cha mtoto wa kwenye kalenda, na hilo lilimtia hofu kuliko yule mwanamke wa kiooni.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa."

"Ndiyo, ningekataa."

"Sasa umeona?"

Aliisema kama mtu aliyeshinda hoja. Sindano akakumbuka basi, visogo vya watu, umechoka mke wangu. "Ndiyo maana ya treni," alisema. "Hukuwa unanionyesha mlima."

"Barabarani hawezi kupita. Anapita ndani ya jiwe tu. Limebaki hili kubwa. Akimnyonyesha humo mpaka mwisho, anashuka naye mjini, anakaa naye, na mtoto anakuwa mzima, hatokohoa tena maisha yake."

"Anakuwa mzima. Na anakuwa wa nani?"

Fundi alitazama nje, kwenye mandhari.

Treni ikapunguza mwendo. Kituo cha juu kilikuwa ukumbi mwembamba wa saruji, benchi moja, taa moja, na mbele yake mlima umeachama mdomo mweusi. Milango ikafunguka, watu wakamiminika na simu zao. Sindano alisimama, mtoto begani. Mkoba aliuacha chini ya kiti, viatu alivyokuwa amevivua navyo akaviacha, na Fundi alimshika mkono, si kwa nguvu, kama mtu anayemshika mwenzake asikanyage tope.

"Kaa, Sindano. Nakuomba. Ukimtoa, kikohozi kitarudi."

"Kirudi kinikute nimemshika mimi."

Akashuka. Saruji ilikuwa baridi chini ya nyayo zake. Alitembea mpaka kwenye benchi, akageuka, akamwona mumewe amesimama mlangoni, mguu mmoja ndani na mmoja nje, na kwa muda mfupi aliamini kabisa kwamba atashuka, kwa sababu ni yule yule, aliyemshika mkono akijifungua, aliyemfulia nepi bila kutumwa, na mtu hawezi kukupenda namna ile halafu akakuuza.

Honi ikalia. Watu wakaanza kupanda. Mzee wa kofia alimpita. "Binti, treni itakuacha."

"Iniache, baba."

"Panda," Fundi alimwambia.

"Shuka wewe."

Fundi aligeuza kichwa, akatazama ndani ya behewa, kule kwenye kile kiti, kama mtoto aliyeitwa na mzazi na anajua ameitwa kwa mara ya mwisho. Kisha akauingiza ule mguu wa nje. Mlango ukajifunga.

Treni ikaondoka. Behewa lao lilipita mbele ya benchi taratibu, na Sindano akamwona kiooni akikaa, si mahali pake, bali kiti cha mbele. Mdomo wa mlima ulianza kuyameza mabehewa, na kivuli kilipokipata kile kioo akaona sawasawa: mwanamume mzima, fundi mwenye ndevu, ameinama ubavu, amelaza kichwa mapajani mwa mtu, na mkono uliolowa unampapasa nywele. Halafu pakawa giza, pakabaki mngurumo, na mngurumo nao ukaenda ukififia ndani ya jiwe.

Sindano aliketi. Alijisemea limekwisha, tumebaki wawili, tutashuka kwa basi, kwa miguu, kwa vyovyote. Akaanza kufungua vifungo vyake, na maziwa yake, yaliyokuwa yamesubiri tangu alfajiri, yalikuwa tayari yameshailowesha blauzi.

Ndipo Bwana Mdogo alipojipinda mikononi mwake, akanyoosha vidole vyote kumi kuelekea kule treni ilikopotelea, na akasema neno la kwanza maishani mwake, wazi, bila kubabaika:

"Mama."

Kutoka ndani ya handaki, ambamo treni ilikuwa imeshapita, mtu akaitika.

Sindano alimgeuza mtoto uso kwa uso. "Niko hapa," alinong'ona. "Mimi niko hapa, baba, niangalie." Mtoto akamwangalia, kwa utulivu na adabu, kama mtoto aliyelelewa vizuri anavyomwangalia mgeni. Kisha akaanza kukohoa.