Utepe Mara Mbili, Maji Hakuna

Asubuhi mkunga alifungua bomba la zahanati. Bomba likakohoa, likanyamaza. Akasonya. Nje, mashine ilikuwa inachimba barabara. Akatoka mbio.

"Jamani! Lami si imewekwa juzi tu?"

"Waliweka wale wengine, mama," akajibu msimamizi. "Sisi ni watu wa mabomba."

"Na waliojenga zahanati?"

"Hao hatuwajui."

Ebo! Tangu vita viishe, wafadhili walikuja kila mmoja na lake. Wa kwanza alijenga zahanati, akakata utepe. Wa pili akaweka lami, akakata utepe. Sasa hawa wanaifumua lami wapitishe mabomba, na utepe wao uko tayari. Maji? Hata tone. Na binti yake mkunga alikuwa na mimba ya miezi tisa. Amzalishe kwa mikono michafu?

Akaenda kwa jirani yake, afisa mipango wa mtaa. "Nyie wa mipango mna faida gani?"

"Teremsha hasira, mwenzangu. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Kinachopita chini ya ardhi kitangulie. Kwanza mabomba na mitaro, lami baadaye. Lakini lazima wote wakae meza moja, na sisi wakaaji tuseme tunahitaji nini kwanza."

"Basi waite!"

"Nimewaita mpaka nimechoka. Kila mmoja anataka mwenzake ndiye amfuate."

"Waambie kuna utepe wa kukatwa pale zahanati."

Wakaja wote, suti zimenyooka. Utepe hawakuuona. Waliona ndoo tupu, na binti ameshika kiuno. Mkunga akafunga mlango.

"Hatoki mtu mpaka mpange nani anaanza, nani anafuata!"

Wakanuna, lakini wakakaa. Afisa akachora mtaa ubaoni. Hapo ndipo mjenzi wa zahanati alipong'aka: "Mbona bomba lenu linakuja mbele ya zahanati? Tangi liko nyuma!"

"Sasa nani alituambia?" akauliza mtu wa mabomba.

"Mlimuuliza nani?" mkunga akafoka.

Wakakubaliana: bomba liende kwenye tangi, mitaro ifuate, lami iwe ya mwisho. Na kila wiki wakutane na wakaaji kabla ya kugusa sururu.

Uchungu ulipomshika binti, barabara ilikuwa bado mashimo matupu. Lakini bomba lilikohoa kidogo, kisha maji yakamwagika. Mkunga akanawa mpaka viwikoni, akiwa anacheka na kulia.

Siku hiyo hakuja mgeni rasmi yeyote. Kilichokatwa kilikuwa kitovu cha mjukuu wake.