Immaculée na Kikapu cha Mizizi

Kila siku akitoka shule, Immaculée alimsaidia mama yake katika saluni yao ndogo pale mtaa wa Point, Durban, Afrika Kusini. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini alisuka rasta haraka kuliko wasichana wakubwa. Kwa hiyo Julai 2012, kwaya ya watoto ya kanisa lao ilipoalikwa Norwe, katika wilaya ya mashambani yenye maziwa mengi na nyumba za kale za magogo, alisubiri jambo moja: karakana ya makumbusho.

Humo Bibi Ragnhild alifundisha kusuka vikapu kwa mizizi ya miti. Kila mtoto angesuka chake, na Jumapili vyote vingepangwa mbele ya wanakijiji, vikiwa na majina. Bibi alieleza, Mwalimu Atuganile wa kwaya akatafsiri. Immaculée hakusikiliza. Alichukua mizizi mikavu akaanza.

"Wamesema tuloweke kwanza," Prodige, mwenzake wa kwaya, alimnong'oneza.

"Wewe unajua nini? Kwetu saluni maji iko ya mwisho. Unamaliza kusuka, ndipo unachovya rasta kwenye maji ya moto. Niache!"

Akavuta kwa nguvu. Mzizi ukakatika. Akachukua mwingine, nao ukakatika. Jumamosi mchana wenzake walikuwa wakiogelea ziwani, kazi zao zimekwisha. Yeye alikuwa na lundo la vipande na vidole vilivyochubuka.

Prodige alichungulia dirishani, maji yakimdondoka. "Eish, Madame Saluni! Unatafuta kuni za kupikia?"

Immaculée aliutupa mzizi ukutani. "Mizizi yao ni mibovu! Kesho watasoma majina yote, langu halipo!"

"Wenzako walitumia mizizi hiihii," alisema Mwalimu Atuganile kutoka mlangoni. "Bibi alitufundisha nini?"

Machozi ya hasira yalimlengalenga Immaculée. "Sijui, Mwalimu. Sikusikiliza."

"Basi kamwombe arudie."

Kuomba kulimuuma kuliko vidole. Hata hivyo, alikwenda. Bibi Ragnhild alimwekea mizizi ndani ya beseni, wakasubiri hadi ikalainika. Safari hii mizizi ilipinda bila kukatika.

Jumapili kikapu chake kilikuwa mezani, kidogo kuliko vyote, hakitoshi hata machungwa mawili.

"Ningekuwa na muda, ningewashinda wote," alinung'unika.

"Muda ulikuwa nao," Mwalimu alimjibu. "Vidole vyako ni hodari, mwanangu, na mama yako amekufundisha vizuri kazi ya saluni. Lakini hii ni kazi ya Bibi Ragnhild. Ukifika kwa mwenye kazi, msikilize kwanza, kisha ndipo uonyeshe uhodari wako."