Kiti Kilichotazama Ukuta

Mambo yalianza Jumanne, saa tisa na dakika ishirini alasiri, Bi Sentimita alipoweka kiganja juu ya kiti cha saruji akakikuta kina joto.

Chumba hakikuwa na dirisha. Jua halikuwa na pa kupitia. Akaondoa kiganja, akakirudisha. Lilikuwa joto la kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi.

Jina la Sentimita alipewa ofisini kwa dalali wa nyumba, kwa kuwa hakuandika tangazo hata moja bila kupima. Dalali alimtwika nyumba ambazo wanunuzi huzicheka mtandaoni kisha wakatafuta nyingine: yenye bafu katikati ya sebule, yenye ngazi inayoishia darini pasipo mlango. Yeye alizipenda. Aliamini kila kioja cha nyumba kina sababu yake, hata iwe ya kipuuzi.

Kiti hiki hakikumpa sababu. Kilijengwa kwenye kona ya chumba cha nyuma, mgongo kwa mlango, uso kwa ukuta, na kati yake na ukuta palibaki shubiri moja. Magoti ya mtu yasingeingia. Juu ukutani palikuwa na doa la mviringo, laini, lenye mafuta, kama linaloachwa na kichwa kilichoegemea mahali pamoja miaka mingi. Akalipima kutoka sakafuni. Mita moja na sentimita tisini. Akapima tena, maana hicho ni kimo cha mtu mrefu aliyesimama, si cha aliyeketi.

"Aliyekaa hapa alikuwa twiga," alisema fundi, aliyekuja na nyundo yake.

"Fundi, usinichekeshe."

"Najichekesha mwenyewe, nywele zimenisimama. Tuvunje au tuache?"

Dalali alikuwa amemwachia yeye uamuzi. Mnunuzi alikwisha kupatikana, naye alitaka kitanda kikae kwenye kona ile.

"Kinakula nafasi bure," alisema Bi Sentimita. "Vunja."

Ndani mlikuwa na kokoto na mchanga, basi. Fundi akazoa kifusi, wakatoka. Bi Sentimita alikuwa amefika nusu ya njia ya kurudi nyumbani alipotambua kwamba, kabla ya kufunga, alikuwa ameushikilia mlango wazi kwa kitambo, kama mtu anayemngoja mwenzake atoke.

Nyumbani aliishi na mama yake tu. Mtoto wa jicho alikuwa amemwachia mama huyo vivuli, na kwa vivuli hivyo aliwajua watu wote.

"Umekuja na mgeni," mama alisema kutoka kitandani, mlango wa chumba chake ukiwa wazi.

"Niko peke yangu, Mama."

"Mrefu vile nisimwone? Hebu mpe kiti."

"Mama, hakuna mtu."

Mama akasonya, akapapasa godoro ubavuni pake. "Karibu, baba, kaa hapa. Huyu nilimsomesha mpaka chuo, adabu hawakumfundisha."

Godoro likabonyea.

Likabonyea taratibu, kama linavyobonyea mtu mzito anapokaa kwa heshima, na mbao chini yake zikalia moja baada ya nyingine, na chumba kikajaa harufu ya saruji mbichi iliyomwagiwa maji, na Bi Sentimita, aliyekuwa bado mlangoni na mkoba begani, akasikia pumzi ndefu ya mchovu aliyepata pa kukaa, pumzi ambayo haikuwa ya mama yake wala yake mwenyewe.

"Unaona?" mama alisema. "Alikuwa amechoka."

Jumatano mama alianza kupumua kwa tabu. Daktari alisikiliza mapafu, akasema ni safi. Alhamisi akaletwa msomaji wa dua, na kila alipopaza sauti godoro liliinuka kidogo, na kila aliponyamaza kumeza mate lilishuka tena, mpaka mzee wa watu akafunga kitabu, akaomba samahani, akatoka kinyumenyume.

Jioni hiyo mama alimwita binti yake kwa kidole, maana sauti ilikuwa imebaki kidogo.

"Mgeni gani asiyeaga? Kanikalia kifuani. Mwambie asogee."

"Mama, wewe ndiye uliyemkaribisha. Mwambie aondoke."

"Nimemwambia."

"Anasemaje?"

Mama alipumzika kwanza, akitafuta hewa.

"Anasema kwake kumevunjwa."

Kesho yake asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Bi Sentimita alimpigia fundi simu.

"Kile kiti. Nataka ukijenge upya."

"Ile nyumba si imeshauzwa?"

"Si kule. Kwangu, chumbani kwangu. Vipimo vyote ninavyo."

Fundi akauliza, "Na lile doa?"

"Doa atalifanya mwenyewe."

Alisogeza kitanda chake hadi kwenye kabati ili kona ibaki wazi. Fundi alifanya kazi bila mzaha hata mmoja, na hakuipa kona ile mgongo. Alipomaliza kulainisha saruji alinawa mikono akasema, akitazama sakafu, "Kisikaliwe sasa. Kiache kikauke siku tatu."

"Siku tatu?"

"Ukikikalia leo kitabomoka."

Kutoka chumba cha pili pumzi ya mama ilisikika kama kitambaa kinachochanwa polepole. Siku tatu mama hakuwa nazo. Bi Sentimita alimsindikiza fundi, akafunga mlango, akaenda kumtoa mama yake kitandani kwa mikono miwili, akimvuta kama mtu anayemtoa mwenzake chini ya kifusi, akamlaza kwenye kochi la sebuleni. Kisha akarudi, akalala chali palepale mama alipokuwa amelala, katika bonde la godoro ambalo bado lilikuwa na joto, akanyoosha mikono ubavuni.

"Karibu," alisema, na sauti ikamtoka kama ya mtoto. "Kaa hapa. Kwako kunakauka."

Mbao zikalia moja baada ya nyingine.

Sebuleni, mama yake alivuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu Jumanne, akauliza kama mgeni ameondoka. Bi Sentimita alifungua mdomo amjibu, hewa haikutosha.