Sote Tuliota Ng'ombe

Habari ya kulalia ardhi aliniambia kwanza mama mkwe wangu, Nyanjige, siku moja tukichagua choroko kwenye baraza ya nyumba ya reli pale Malampaka. Nilikuwa nimejifungua Minza, mtoto wangu wa kwanza, na bado nilikuwa mgeni kwa wakwe. Nikisemeshwa, nilijibu nikitazama chini.

"Kabla ya kuhamia mahali," alisema, "mnalala pale kwanza, wote mtakaokula katika ardhi hiyo, hata anayenyonya. Asubuhi, kabla ya kunawa uso, mnasema mlichoota mbele ya mwenye ardhi. Ardhi haina kinywa kingine."

"Na mtu akificha, mama?"

Alipepeta ungo, makapi yakapeperuka.

"Akificha, amekubali alichoonyeshwa," alisema.

Ulikuwa wakati ambapo wanunuzi binafsi wa pamba walianza kuja na malori yao, kila mmoja na mizani yake, na wafanyakazi wa zamani wa reli wakawa wanapunguzwa kazini. Baba mkwe, Mayige, alikuwa mpiga bendera stesheni tangu ujana wake. Alipewa kiinua mgongo na kuambiwa aiachie nyumba. Hakuhuzunika. Alikuwa na gobole lake lenye kibali, na siku zote alisema kwamba akistaafu ataishi mahali ambapo atawinda akitokea mlangoni kwake.

Jioni wakawa wakibishana, yeye na mama. Mama alitaka Shishiyu, kwa kaka zake: udongo mzuri wa pamba, majirani, kengele ya kanisa inasikika. Baba alitaka ng'ambo ya Nkololo, kuelekea porini.

"Shishiyu kuna nini cha kuwinda?" baba aliuliza. "Panya?"

"Shishiyu kuna Mungu."

"Mungu yupo hata porini, mama Novatus."

"Yupo, lakini padre hayupo. Ukifa huko utazikwa na fisi."

"Fisi hawaziki. Wanakula." Baba akacheka, na mume wangu Novatus akacheka pia. Mimi nilicheka ndani ya khanga.

Baba alishinda. Tulikwenda kuiona ardhi ya ng'ambo ya Nkololo, pamba ikiwa imekwisha kuvunwa. Lori lilitushusha Nkololo, tukaendelea kwa mkokoteni wa Salu, mwenye ardhi. Salu alikuwa mfugaji mtaratibu, aliyesema na ng'ombe wake zaidi kuliko alivyosema na watu. Alituonyesha mpaka kuanzia kwenye korongo hadi kwenye mahame ya watu wa zamani. Nyumba haikuwepo tena. Palikuwa na ua wa minyaa mirefu kupita paa la nyumba, na katikati jiwe la kusagia limezama nusu ardhini. Baba hakulitazama jiwe. Alikuwa ameinama akisoma nyayo: digidigi, swala, ngiri. Kanga walipita mbele yetu kwa mstari kama watoto wa shule. Uso wa baba uling'aa.

"Mama Novatus, umeona? Mboga inatembea yenyewe."

 Mama alikuwa akiwatazama ng'ombe wa mkokoteni. Walikuwa wamesimama kwenye minyaa, wamekataa kuingia, na Salu hakuwachapa. Aliwafungua akawaacha nje. Ndani ya ua majani yalifika magotini, nje palikuwa vumbi. Ng'ombe wale walishinda wakilamba vumbi.

Jioni Salu aliondoka nao, nasi tukalala chini ya turubai, kando ya lile jiwe.

Niliota tumeketi kwenye moto. Mwanamke aliyevaa kaniki alikuwa amepiga magoti, ametupa mgongo, anakata nyama na kuipanga kwenye majani mapana ya mbono. Alikuwa akitaja mafungu taratibu, kama mtu anayetujua. Hili la mama. Hili la Novatus. Hili la mkamwana. Akapanga jani dogo, akatia kipande laini. Hili la mtoto. Kisha akapangusa kisu. Nilimtafuta baba mkwe pale kwenye moto nisimwone, na fungu lake halikuwepo. Nikaamka. Minza alikuwa macho kifuani kwangu, ametulia, na pumzi yake ilinuka moshi. Hatukuwa tumewasha moto.

Kulipopambazuka Salu alirudi. Tulisalimiana, mwangaluka, mwangaluka, kisha akachuchumaa.

"Haya. Mmeota nini?"

Baba alikohoa. Ndiye mkubwa, ndiye wa kwanza.

"Nimeota ng'ombe," alisema. "Weupe, wengi, wanaingia zizini."

Salu akamgeukia mama. Mama alimtazama baba. Kisha akatazama mikono yake mwenyewe.

"Nami nimeota ng'ombe," alisema.

"Na wewe kijana?"

"Ng'ombe," alisema Novatus. Midomo yake ilikuwa mikavu.

Salu alicheka. "Familia nzima mmeota ng'ombe! Nyie mna bahati. Waliokuja kabla yenu, hakuna aliyeota ng'ombe. Waliamka, wakasema, wakaondoka."

Nilivuta shati la Novatus kwa nyuma. Nilivuta tena. Alinibana mkono wangu mgongoni kwake, asigeuke. Mimi sikuulizwa. Mkamwana haulizwi. Baba alikuwa amekwisha kupeana mkono na Salu, na mama alikuwa akinawa uso.

Njiani nilimweleza mume wangu ndoto yangu, kwa sauti ya chini. Hakuniuliza kitu. Alisema tu, "Baba ameota ng'ombe. Wewe umeota nini cha kumzidi baba?" Kisha akatembea mbele yangu hadi Nkololo.

Tulihamia kabla ya mvua. Nyumba tuliijenga ndani ya ua wa minyaa, maana ndipo ardhi ilipokuwa imenyanyuka. Mwanzoni palikuwa pazuri, siwezi kusema uongo. Mahindi yaliota vizuri. Baba alitoka na gobole asubuhi akarudi na kanga kabla uji haujapoa. Aliwatania majirani waliopita mbali na ua wetu: "Karibuni! Mnaogopa nini, mboga?" Walipunga mikono, wakaendelea na safari yao.

Siku moja mama aliandaa digidigi. Baba alitia tonge, akatafuna, akatema mkononi.

"Nyama hii inanuka."

"Imechinjwa leo," mama alisema.

"Inanuka jasho langu."

"Basi kaoge, baba Novatus." Tulicheka.

Hakula. Kesho yake hakula tena. Ikawa kila nyama inanuka jasho lake, akawa anakula ugali kwa mlenda tu. Alikonda. Aliacha kurudi na kanga, na tulipodhani shabaha imempotea, Novatus alifuatana naye korongoni. Alirudi uso umemwiva kama mtu mwenye homa.

"Swala hawamkimbii," aliniambia. "Baba anawakaribia hadi karibu kuwagusa. Wanamtazama tu. Kama ng'ombe wanavyomtazama ng'ombe mwenzao."

Ndipo mama aliponiita jikoni. Alifunga mlango, ingawa ulikuwa mchana. Alinong'ona.

"Mama Minza. Ile siku. Uliona mwanamke wa kaniki?"

Nilitikisa kichwa kukubali. 

"Na mimi nilimwona. Na Novatus. Nilimwuliza jana, akalia." Alishika kiganja changu. "Mimi katika ndoto nilimwuliza yule mwanamke, na fungu la baba Novatus liko wapi? Alicheka, hakugeuka. Akasema, nyama haigawiwi nyama."

Moto ulikuwa umezimika. Hakuna aliyeuchochea.

"Na baba?" niliuliza. "Yeye aliota nini?"

"Aliniambia usiku wa kuamkia leo. Alituona sote tumeketi kwenye moto. Lakini alikuwa akitutazama kutoka chini. Kutoka kwenye majani."

"Mbona alisema ng'ombe?"

"Alidhani ni yeye peke yake aliyeota vibaya. Aliipenda ardhi. Anasema alitaja ng'ombe, kisha akangoja mmoja wetu amkanushe." Mama aliniachia kiganja. "Nani angemkanusha?"

Mchana ule ule mama na Novatus walikwenda kwa Salu, wakamweleza ukweli. Walimwomba aichukue tena ardhi yake, abaki na kiinua mgongo chote walichomlipa, nao waseme tu upya walichoota. Salu aliwasikiliza hadi mwisho. Hakuwa na hasira. Machozi yalimlenga.

"Niliwauliza," aliwaambia. "Niliwauliza mbele ya ardhi yenyewe. Mlisema ng'ombe, na mkanawa uso. Mimi nifanye nini sasa?"

Waliporudi ikaamuliwa tuhamie Shishiyu kwa wajomba. Nyumba ya Malampaka ilikuwa na watu wengine tayari. Baba hakubisha. Alisema tutaondoka kesho yake, hata kama ni kulala barazani kwa shemeji zake. Alitaka tu kupata kanga wawili wa kuwapelekea, maana haendi ukweni mikono mitupu baada ya kuikataa Shishiyu yao kwa dharau.

"Usiende," mama alimwambia.

"Ni hapo korongoni. Jua bado liko juu."

Alichukua gobole. Akafika mlangoni nilipokuwa nimeketi nikimnyonyesha Minza, akasimama. Baba mkwe hakuwa na desturi ya kusema nami moja kwa moja. Nilivuta khanga, nikatazama miguu yake, makatambuga yake ya mpira wa gari.

"Mama Minza," alisema taratibu. "Wewe uliota nini?"

 Nikasema, "Niliota unakosa fungu, baba."

Sikumwona uso. Niliona tu vidole vyake vya miguu vikijikunja.

"Afadhali ningalikuuliza wewe kwanza," alisema.

Akaenda.

Tulisikia mlio wa gobole mara moja. Mama alisema, "Amepata." Tukachemsha maji ya kunyonyolea kanga. Maji yalichemka. Yakapoa. Tukayachemsha tena.

Novatus alipiga yowe. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walikuja na pinde zao, walikuja hata wale ambao hawakuwahi kukanyaga kwetu. Walifuata nyayo za makatambuga hadi korongoni, na kutoka korongoni nyayo zilirudi. Zilirudi nyumbani. Zilipita nyuma ya nyumba, ambako hatukuwa tumemwona, zikafika kwenye jiwe la kusagia.

Gobole lilikuwa limeegemezwa pale. Makatambuga yalikuwa yamevuliwa, yamepangwa sawa, kama mtu anapoingia ndani kwa heshima. Hapakuwa na damu. Hapakuwa na majani yaliyolazwa. Kiongozi wa sungusungu alichungulia gobole, akamnong'oneza Novatus. Baruti ilikuwa bado imeshindiliwa. Halikuwa limepigwa.

Walitafuta hadi giza likaingia. Wakaondoka wote pamoja, hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho kutoka kwenye minyaa.

Asubuhi yake nilitoka na ufagio, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, na kwa kuwa sikujua kazi nyingine ya kufanya. Ua ulikuwa mweupe kwa mwanga wa alfajiri. Mbele ya mlango yalikuwa yamepangwa majani ya mbono. Hapo kwetu hakuna mbono hata mmoja. Fungu la mama. La Novatus. Langu. Nyama ilikuwa mbichi na ilikuwa ikitoa mvuke.

Jani dogo lilikuwa tupu.

Nilirudi ndani. Minza alikuwa ameketi juu ya mkeka, yeye ambaye hakuwa amejua kukaa. Alikuwa akitafuna. Hakuwa na jino hata moja. Midomo yake iling'aa mafuta. Aliponiona alitabasamu, akanyoosha mikono nimbebe.

Nilimfuta mdomo kwa pindo la khanga. Nilifuta hadi ukawa mwekundu. Nikamfunga mgongoni.

Nilipotoka tena mama mkwe alikuwa amekwisha kuamka. Hakulia. Alipiga goti mbele ya fungu lake, akainamisha kichwa, akasema polepole kama alivyosema kila asubuhi ya ndoa yake:

"Mwangaluka, baba Novatus."

Nilichukua jembe, nikachimba kando ya jiwe. Novatus alileta shuka la kitanda cha baba yake. Tulifunga mafungu ndani yake pamoja na makatambuga, mama akasali Baba Yetu peke yake.

"Na lile dogo?" aliniuliza alipomaliza.

Nilihisi Minza akicheua mgongoni kwangu. Kitu cha uvuguvugu kiliniteremkia shingoni.

"Nimelikuta tupu, mama," nilisema.

Nikalikunja lile jani dogo. Nikalizika hivyo hivyo.