Cheti cha Kuvuka Ikweta

"Usinisogelee, tafadhali. Unanuka," Kinyozi alisema, akarudi nyuma hatua mbili.

Dobi alicheka tu. Alikuwa amesimama pembeni ya bwawa la kuogelea, sitaha ya juu, uji uliolala ukimchuruzika kutoka nyweleni mpaka shingoni. Ndani ya uji huo mlikuwa na mayai mabichi, mchuzi wa juzi na matumbo ya samaki. Midomo yake ilikuwa bado na utelezi wa samaki aliyeanikwa juani tangu asubuhi. Ndiyo desturi ya meli ile: siku ya kuvuka ikweta, mfanyakazi ambaye hajawahi kuvuka humwagiwa ndoo, kisha humbusu samaki mdomoni mbele ya Mfalme wa Bahari, ambaye siku nyingine zote ni fundi mitambo, ila leo kavaa ndevu za kamba. Nahodha na abiria walicheka mpaka wakashika mbavu.

Dobi alivumilia. Saa kumi jioni nahodha angemfungisha ndoa na Kinyozi, mchumba wake wa miaka mitatu, na bibi harusi hanuni kwa ajili ya ndoo moja ya uchafu. Mama yake alikuwa ameshatuma ujumbe: "Sisi tumejipamba, tuko sebuleni tunasubiri kuwatazama. Shangazi yako amekaa mbele kabisa ya simu, hataki mtu amkinge."

Ikafika zamu ya Kinyozi. Meli nzima ilijua anavyojipenda. Mtu huyo akishika kitasa cha mlango, hunawa. Wiki nzima alikosa raha kwa ajili ya ile ndoo. Sasa akachomoa mfukoni cheti cha kuvuka ikweta kilichokunjwa mara nne, akampenyezea Mama Shuka, mkuu wa chumba cha kufulia na karani wa sherehe, akimnong'oneza kwamba yeye ameshavuka, aachwe apite.

Dobi alishangaa. Siku zote Kinyozi alimwambia hajawahi kukanyaga meli yoyote kabla ya hii, waliyoajiriwa pamoja miezi minne iliyopita.

Asichokijua Kinyozi ni kwamba pale cheti hakitazamwi, kinasomwa. Wajanja walikwepa sana ndoo kwa vyeti vya kuazima, hivyo karani husoma kila neno kwenye kipaza sauti. Mama Shuka alivaa miwani, akasoma jina la Kinyozi, la baba yake na la ukoo. Kisha akaendelea:

"Pamoja na mke wake mpenzi, waliovuka ikweta wakiwa katika fungate yao, mwezi wa tatu mwaka jana."

Maneno ya mwisho aliyasoma polepole, akimtazama Dobi. Abiria wakapiga makofi, wasijue wanachokishangilia.

Mwezi wa tatu mwaka jana Kinyozi alikuwa akimuuguza mjomba wake, mahali ambako eti simu hazishiki. Dobi alimwombea mjomba huyo kwa magoti wiki mbili nzima.

"Una mke?" akamuuliza.

Kinyozi alimvuta kando kwa ncha ya vidole viwili, akichagua sehemu ya mkono isiyo na uji.

"Punguza sauti. Yule ni wa nchi kavu. Wewe ni wa huku."

"Na leo saa kumi ulikuwa unanioa vipi?"

"Hii ya nahodha ni baraka tu, mpenzi. Haiandikwi popote. Ndiyo maana nikataka tufungie baharini. Wewe ufurahi, wazee wako wafurahi, na kule nyumbani pasiharibike kitu."

Aliyasema kwa upole, kama mtu anayeeleza bei ya kunyoa. Hapo ndipo Dobi aliposikia kinyaa cha kweli, kinyaa ambacho ndoo haikumpa. Miaka mitatu alikuwa amekula sahani moja na mtu huyu. Alimfulia hata soksi.

"Basi nenda kaoge, uvae," Kinyozi aliongeza. "Tusiwaangushe watu."

Dobi alimkamata kichwa kwa mikono yote miwili, akambusu. Hakuharakisha. Alihakikisha matumbo ya samaki, mayai na mchuzi wa juzi vimepata pa kukaa. Alipomwachia, Kinyozi alifumbua mdomo kutaka kusema neno, badala yake akatapika juu ya viatu vyake vyeupe, mbele ya nahodha na abiria wote.

"Mama Shuka," Dobi alisema, "saa kumi nipangie zamu. Sina shughuli."

Alijikaza mpaka akafika ngazi za chini. Huko akakaa, akapiga simu. Sebule nzima ilitokea kwenye kioo, wote wamependeza, shangazi mbele.

"Mama, vueni tu hizo nguo. Ana mke."

Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika. Shangazi alisogezwa pembeni, na uso wa mama ukajaa kwenye kioo. Alimtazama mwanawe, ule uji, yale machozi, asiulize mke gani wala tangu lini.

"Amekugusa leo?"

"Mimi ndiye nimemgusa, mama. Ametapika."

Mama alivua kilemba.

"Vizuri," alisema. "Sasa lia, mwanangu. Sikati simu."