Mpishi Mwenye Mafua

Kila Jumamosi asubuhi, katika nyumba ya vyumba vitatu iliyokuwa nyuma ya karakana ya baiskeli, watu waliamshwa na harufu. Bibi alikuwa jikoni akipika pankeki za tangawizi zenye mdalasini na karafuu kidogo, na hakuna aliyehitaji kugongewa mlango. Baba, fundi baiskeli, alitoka na taulo begani. Mama, fundi cherehani, alitoka na sindano imechomekwa kwenye kola. Kaka mkubwa waliyemwita Profesa, kwa sababu hakuwahi kukosa maelezo ya jambo lolote, alitoka akieleza ndoto yake.

Binti wa nyumba hiyo alikuwa na miaka kumi na miwili. Wote walimwita Kijiko, maana tangu utotoni alikuwa habanduki jikoni. Kwa miaka mitatu alimwomba bibi amwachie kikaango, na kwa miaka mitatu bibi alimjibu kwamba kikaango hakina haraka. Hatimaye bibi akakubali. Jumamosi hiyo ingekuwa zamu ya Kijiko. Akiziweza pankeki, kikaango cha Jumamosi kingekuwa chake. Akishindwa, zamu ingekwenda kwa Profesa.

Balaa ni kwamba Ijumaa jioni pua ya Kijiko iliziba kabisa.

Bibi alikuwa na sheria moja ambayo hata baba hakuthubutu kuivunja: mwenye mafua hakanyagi jikoni. Sheria hiyo ilikazwa zaidi tangu bibi mwenyewe alipougua kifua akalala kitandani wiki mbili. Kijiko aliijua vizuri. Lakini alipomfikiria Profesa akigeuza pankeki huku akieleza jinsi zinavyogeuzwa, roho ilimuuma, akaamua kujikaza kisabuni. Asubuhi alinawa uso kwa maji baridi na kuficha leso mbili ndani ya soksi. Mama alipomuuliza mbona sauti yake ni nzito, alisema ni usingizi.

Sasa, jikoni kwa bibi viungo vyote vilikaa kwenye makopo ya aina moja, yasiyo na maandishi hata moja. Bibi alifungua kopo, akanusa, akajua. Mama naye hivyo hivyo. Hata baba aliweza kutofautisha karafuu na mdalasini akiwa amefumba macho. Katika nyumba ile, kuandika jina juu ya kopo ilikuwa aibu, sawa na mtu kujiandika jina kwenye paji la uso asije akajisahau.

Kijiko alipasua mayai, akamimina maziwa, akachekecha unga. Kisha akayafikia makopo. Alifungua la kwanza, akanusa, asisikie kitu. Alifungua la pili, akanusa mpaka macho yakamtoka, asisikie kitu vilevile. Bibi alikuwa amekaa sebuleni makusudi ili asimwingilie, na kumuuliza kungekuwa sawa na kukiri. Basi Kijiko akatumia macho. Unga wa kahawia iliyokolea ulikuwa mdalasini, hapo hakuwa na shaka. Ule wa rangi ya mchanga lazima ndio tangawizi. Alichota vijiko viwili vilivyojaa, akaongeza kimoja cha heshima. Alipoonja mchanganyiko kidogo, ulimi uliwaka kwa mbali, naye akafurahi kwamba tangawizi ya bibi ni kali.

Haikuwa tangawizi. Vilikuwa viungo vya bibi vya kukaangia samaki, yaani kitunguu saumu, bizari na pilipili vilivyosagwa pamoja.

Harufu ilipofika sebuleni, wote walidhani ni jirani anayekaanga samaki. Kwa macho, pankeki zilitoka vizuri ajabu. Zilikuwa za mviringo, laini, zimeumuka kama inavyotakiwa. Kijiko alizipanga kwenye sahani, akazimwagia asali, akazipeleka mezani kwa mwendo wa bibi harusi.

Baba alianza. Alitafuna mara mbili, akasita, akaangalia dari. Alikuwa baba mwenye upendo, kwa hiyo akameza.

"Zina nguvu," alisema, jasho likimtoka puani.

Mama aliomba maji, akanywa glasi yake na ya baba. Profesa alikohoa kwa muda mrefu, kisha akaeleza kwamba, kitaalamu, alichokula ni samaki wa asali, ila samaki mwenyewe hayupo. Bibi alimega kipande kidogo, akakinusa, akakirudisha sahanini.

Mama ndiye aliyetafuta mkosaji, na wala hakwenda mbali. Siku iliyotangulia Profesa ndiye aliyepanga rafu ya makopo. Mama akamwambia kwamba amechoshwa na mizaha yake, kwamba ametia viungo vya samaki kwenye unga makusudi ili amuumbue mdogo wake, na kwamba ile mechi ya alasiri aliyoingoja mwezi mzima aisahau. Kwa mara ya kwanza tangu ajifunze kusema, Profesa hakuwa na maelezo.

Kijiko aliinamia sahani yake. Angenyamaza tu, yangekwisha, na bado angepata nafasi ya kukishika kikaango. Alipoinua macho alimwona kaka yake machozi yanamlengalenga, na safari hii si kwa sababu ya pilipili. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona maishani. Akachomoa leso kwenye soksi, akapenga kamasi mbele ya wote kwa mlio uliosikika mpaka karakana.

"Si kaka," alisema. "Nina mafua tangu jana. Sikusikia harufu yoyote, nikakisia."

Bibi alisogeza kiti chake nyuma na kujifunika mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Ungeniambia jana, ungekosa zamu moja tu," alisema. "Sasa wote tumekosa chai, mafua umeyaleta mezani, na kidogo kaka yako aadhibiwe kwa kosa lako."

Hakupaza sauti, na hilo ndilo lililomliza Kijiko. Mama alimwomba Profesa radhi na kumrudishia mechi yake. Profesa akaambiwa anawe mikono apike upya, naye akapika huku akieleza kila hatua. Kijiko alipelekewa pankeki zake chumbani, akazila peke yake dirisha likiwa wazi. Zilikuwa za tangawizi kweli, lakini hakusikia ladha hata kidogo.

Jumamosi iliyofuata, bibi alisimama mlangoni mwa chumba cha Kijiko, kikaango mkononi, akamuuliza kama amepona. Pua ilikuwa imefunguka nusu. Sauti ilikuwa imerudi, na angesema amepona hakuna ambaye angejua. Kijiko alikitazama kikaango, akameza mate.

"Bado kidogo, bibi. Kikohozi hakijaisha."

Bibi akatabasamu.

"Basi mpishi nimempata," alisema. "Kugeuza pankeki mtu hujifunza kwa siku moja. Mimi nilikuwa natafuta mtu wa kuniambia ukweli hata pale ukweli unapomnyima anachokitaka. Afya ya watu wote wa mezani imo mikononi mwa mpishi, mjukuu wangu, na wataiacha humo kama tu wanamwamini. Rudi ulale. Ukipona, njoo uchukue kikaango chako."