Kunde za Akina Mama wa Mwethya

Ndolo alichuuza mbuzi katika soko la Mbumbuni. Hakuna mbuzi aliyeweza kumficha umri. Ndolo alimfungua mdomo, akatazama meno, akataja bei. Siku moja beberu mmoja alimlipiza kisasi. Alimwangusha mteremkoni, mguu ukavunjika, Ndolo akafungwa plasta.

Alikaa kitini majuma mengi kama chifu. Hata maji ya kunywa aliletewa. Kisha ghafla kifua kikamchoma, pumzi zikamwishia, akakohoa damu. Mkewe, Syokau, hakungoja majirani wabishane kama ni nimonia. Alitafuta gari, wakaenda hospitali.

Huko muuguzi, Sista Hasina, aliwaeleza polepole. Mguu ukikaa bila kusogezwa, damu inaweza kuganda na kuwa bonge ndani ya mshipa. Bonge hilo likichomoka, huenda kuziba mshipa kwenye mapafu. Mgonjwa aliyezidiwa kabisa hupewa dawa kali ya kuyeyusha bonge, na mara chache hupasuliwa. Ndolo hakuwa amefika huko. Alidungwa sindano za heparini, kisha akaanzishiwa vidonge vya warfarini. Dawa hizo huzuia bonge lisikue, na mwili wenyewe huliyeyusha taratibu. Ilibidi arudi kupimwa damu. Dawa ikiwa kidogo, damu huganda. Ikizidi, mtu huvuja damu.

Nyumbani, akina mama wa mwethya walimngoja. Hao ndio waliosaidiana kulima na kujenga, na sasa waliamua kumsaidia Ndolo. Walisema mtu aliyekohoa damu lazima aongezewe nyingine. Kila mmoja alileta fungu la mboga za majani za kuongeza damu. Syokau alipika majani ya kunde asubuhi, sukuma wiki mchana, majani ya maboga jioni. Ndolo alikula majani mpaka akaona haya mbele ya mbuzi wake.

Alipopimwa, Sista Hasina alikunja uso. Damu ilikuwa ikiganda haraka, kana kwamba hamezi dawa. Daktari akaongeza dawa kidogo. Akina mama nao wakaongeza mboga.

Syokau alianza kumshuku mumewe. Kila Ndolo alipomeza kidonge, Syokau alimwambia afungue mdomo na kuinua ulimi.

"Mama Mulei, kwani mimi ni mbuzi?" Ndolo alimuuliza mkewe.

"Mbuzi hafichi dawa chini ya ulimi," Syokau alijibu. "Hiyo kitu ikirudi kwa kifua, mimi nitabaki na nani?"

Ndolo mwenyewe aliogopa kuliko mkewe, kwa sababu alijua dawa anameza.

Walirudi kupimwa. Hali ilikuwa ile ile. Sista alisema huenda Ndolo akalazwa tena, adungwe sindano upya.

"Sista, mimi nameza," Ndolo alisema, machozi yakimlenga. "Uliza huyu. Yeye ndiye ananichungulia mdomo."

Syokau alikubali kwamba hajawahi kukuta kidonge kilichofichwa mdomoni. Sista akamgeukia Ndolo.

"Mzee, siku hizi unakula nini?"

Syokau alijibu kwa fahari, akitaja mboga zote na kila mama aliyezileta. Sista aliweka kalamu chini, akacheka.

"Mama, dawa inavuta huku, na mboga zinavuta kule," alisema. "Mboga za majani zina vitamini inayosaidia damu kuganda."

Syokau aliapa kutopika kunde tena. Sista alimkataza. Ndolo ale mboga, lakini kiasi kile kile alichozoea tangu zamani, asizidishe wala asiache. Asimeze aspirini wala dawa za mitishamba bila kuuliza. Akitokwa na damu kwenye fizi, au choo kikiwa cheusi, akimbie hospitali. Na asikae kitini kutwa. Daktari naye akarudisha dawa kwenye kiasi cha mwanzo.

Akina mama waliendelea kuleta mboga, kwani nani angewakataza kupenda? Ndolo alikula kiasi chake. Zilizobaki, plasta ikiwa imeshatolewa, aliwapelekea mbuzi kwa miguu yake mwenyewe. Mbuzi walinenepa. Alipopimwa tena, damu ilikuwa sawasawa.

Jioni hiyo Ndolo alimeza kidonge chake, akamgeukia mkewe.

"Mama Mulei, leo wewe ndio ufungue mdomo."

"Ya nini?"

"Nataka kuona kama neno pole limekwama huko ndani."

Syokau alicheka mpaka akaketi. "Pole, Baba Mulei," alisema. Kisha akamwambia ainue ulimi.